Nyumba Inayopitisha Upepo Hula Pesa



Hakuna mkulima wa skimu zetu za juu, tangu Kinangop mpaka Ol Kalou na Oljoro Orok, asiyejua namna ya kumlaza ndama. Sakafu ya banda huinuliwa juu ya ardhi, upande unakotoka upepo huzibwa, na nyasi kavu hutandikwa chini. Tumefundishwa hivyo na Bwana Shamba, na sababu yake twaijua: ndama anayepigwa na baridi usiku kucha hutumia maziwa aliyokunywa kujipasha moto, na asubuhi hapana kilichobaki cha kumkuza. Lakini katika boma hilo hilo, hatua thelathini kutoka kwa ndama, analala nyanya wa miaka themanini katika chumba cha mbao zilizoachana, na upepo wa Julai unaingia upande huu na kutokea upande ule. Kwake hakuna mtu aliyeziba kitu.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya nyumba, na nitaanzia mbali, nchi ya Marekani, ambako Serikali imekuwa na mpango wa kuziba nyumba za maskini bila malipo tangu mwaka wa 1976. Wengine watauliza: Je, Marekani kuna maskini? Wako, tena ni wengi, na baridi ya kule si kama hii yetu. Katika majimbo ya kaskazini kama Maine na Michigan maji ya ziwa huganda mpaka mtu akaweza kutembea juu yake. Huwezi kuota moto wa kuni tatu halafu ukaenda kulala. Lazima nyumba nzima ipashwe moto mchana na usiku kwa miezi mingi, kwa mafuta, au gesi, au umeme, na hesabu ya malipo huja kila mwezi bila kukosa, kama deni la shamba. Mzee anayeishi kwa pensheni ndogo huchagua: anunue chakula, au dawa, au moto.

Mambo yalizidi kuwa mabaya katika Oktoba 1973. Kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilikataa kuiuzia Marekani, na pipa lililokuwa likiuzwa kadiri ya dola 3 likafika karibu dola 12 mapema mwaka wa 1974. (Sisi pia tulionja. Wazee watakumbuka bei ya mafuta ya taa na ya mbolea ilivyoruka miaka ile.) Huko Maine watu walijitolea wakaenda nyumba kwa nyumba za wazee na maskini, wakaziba nyufa na kupigilia nailoni madirishani. Kazi hiyo ilionekana kuwa na maana. Mwaka wa 1976 Bunge la Marekani likatunga sheria, Rais Gerald Ford akaitia sahihi, na mpango ukaenea nchi nzima. Tangu wakati huo zaidi ya nyumba milioni 7 zimetengenezwa.

Sasa tazama namna kazi yenyewe inavyofanywa, kwa maana hapa pana mafunzo kwa kila mwenye nyumba. Zamani ilikuwa kazi ya kubahatisha: fundi aliona ufa, akauziba, akaenda zake. Baadaye walijifunza kupima kwanza. Fundi akifika, hufunga madirisha yote, kisha hutia feni kubwa katika mlango wa mbele, imefungwa kwa kitambaa pande zote ili hewa isipite kando yake. Feni huivuta hewa ya ndani kuitoa nje. Hapo upepo wa nje huanza kuingia kwa nguvu kupitia kila tundu la nyumba, na fundi hupita na moshi kidogo mkononi, akitazama unakokwenda. Kipimo humwonyesha nyumba inavuja kiasi gani, na moshi humwonyesha mahali.

Ajabu ni kwamba upepo mwingi hauingii mahali ambapo watu hutazama, yaani madirishani. Joto hupanda. Likifika juu hutokea darini na penye mianya ya paa, na hewa baridi huvutwa chini, sakafuni na mahali ukuta unapokutana na msingi, ili kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa juu. Mianya ya dari huzibwa kwanza, kisha juu ya dari humwagwa tabaka nene la kitu chepesi cha kuzuia joto, ama pamba ya kioo, ama karatasi za magazeti makuukuu yaliyosagwa na kutiwa chumvi ya borati ili yasishike moto upesi wala yasiliwe na wadudu. Kitu hicho hakileti joto, maana hakina moto wake. Kinachofanya kazi ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake, kama vile sufu ya kondoo inavyomfaa kondoo, au blanketi linavyokufaa wewe. Baada ya hayo hutengeneza milango na madirisha, na mwisho hukagua jiko na tanuri la gesi kuona kama linatoa hewa ya sumu ndani ya nyumba iliyokwisha kuzibwa. Neno hili la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo linalotuhusu kuliko yote.

Serikali ya Marekani ina mpango mwingine pia, ulioanza mwaka wa 1981, wa kuwasaidia maskini kulipa hesabu ya moto wa nyumba. Mimi nasema wazi kwamba kama ningekuwa na shilingi mia ya kugawa, zaidi ya nusu ningeitia katika kutengeneza nyumba. Kumpa mtu pesa za kuni kila mwaka, huku paa lake limeachana na ukuta, ni kuchota maji kwa debe lililotoboka. Mwaka ujao atarudi pale pale, na wewe utarudi pale pale. Nyumba ikizibwa mara moja huendelea kumfaa mwenyewe kwa miaka mingi bila mtu kuandika barua nyingine. Lakini siwezi kusema tuiache kabisa ile misaada ya kuni, kwa maana mgonjwa anayetetemeka usiku wa leo hawezi kumngojea fundi wa mwezi wa tatu.

Kuna watakaosema ya kuwa baridi haiui mtu, ni kuzoea tu. Hao nawapeleka New Zealand, nchi ya wafuga ng'ombe wa maziwa kama sisi. Wataalamu wa huko walichukua nyumba 1,350 katika vijiji na mitaa ya watu wa pato la chini, kila nyumba ikiwa na mtu angalau mmoja mwenye ugonjwa wa kifua. Nusu walitiwa vizuia-baridi mara moja, na nusu wakangojea zamu yao, ili wapate kulinganishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2007. Vyumba vya kulala vilipata joto zaidi kwa nusu digrii tu hivi, jambo ambalo wewe na mimi tungelicheka. Lakini nyumba zilikuwa kavu zaidi, watu walipungukiwa na kukorota kwa kifua, na siku za kukosa shule na kukosa kazi zikapungua. Nusu digrii na ukavu! Mzazi anayempeleka mtoto zahanati kila Juni na Julai afikiri juu ya hayo.

Nimeusifu mpango wa Marekani. Sasa niseme mahali unapochechemea, kwa sababu ndipo sisi tunapoweza kufanya vizuri zaidi.

Kwanza ni mdogo mno. Wenye haki ya kusaidiwa, kwa kipimo cha pato kilichowekwa, ni kaya zaidi ya milioni 30. Nyumba zilizokuwa zikitengenezwa kwa fedha za mpango huo katika mwaka wa kawaida ni kadiri ya 35,000. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo huo ingechukua zaidi ya miaka 800 kuzimaliza. Mara mbili Bunge liliongeza fedha nyingi, dola bilioni 5 mwaka wa 2009 na dola bilioni 3.5 mwaka wa 2021, lakini fedha za ghafula zina taabu yake: mafundi hufunzwa kwa haraka, kisha fedha zikiisha hurudi nyumbani.

Pili, na hili ndilo lililoniuma, maskini kabisa hurudishwa mlangoni. Fundi akikuta paa linavuja, au nyaya za umeme zimechakaa, au kuta zina ukungu, hawezi kuanza kazi. Sheria inamruhusu kuziba baridi, haimruhusu kujenga nyumba upya. Wala si ukaidi wake, kwa maana kumwaga pamba juu ya dari linalovujiwa na mvua ni kuiharibu pamba na dari pia. Basi jina la mwenye nyumba huwekwa kando mpaka atakapotengeneza paa mwenyewe, na yeye angekuwa na pesa za paa asingeomba msaada. Mtu mwenye nyumba nzuri kidogo akasaidiwa, mwenye nyumba mbovu akaachwa. Ilichukua mpaka mwaka wa 2022 ndipo zikatengwa dola milioni 15 za kuzitayarisha nyumba za namna hiyo kwanza. Ni fedha kidogo kwa nchi kubwa, lakini angalau walilitambua kosa.

Tatu, watu hawaji. Huko Michigan wataalamu watatu wa uchumi waliwafuatilia watu wa nyumba zaidi ya 30,000 waliokuwa na haki ya kupata msaada huu. Sehemu yao walitembelewa nyumbani, wakapigiwa simu, wakaelezwa, wakasaidiwa kujaza fomu. Kazi ambayo ingegharimu kadiri ya dola 5,000, kwa bure! Katika wale waliobembelezwa hivyo, waliokubali mpaka kazi ikaisha hawakufika 6 katika 100. Na katika wale ambao hawakubembelezwa, hawakufika hata mmoja katika 100.

Mtu wa mjini akisikia hesabu hiyo atasema watu hao ni wajinga. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu kazi yangu ni karatasi, na nimeona karatasi inavyomfanya mtu. Fomu ya bure si bure. Inataka kitambulisho, na hati ya shamba ambayo bado ina jina la marehemu baba. Inataka safari mbili za matatu, na siku mbili za kuacha ng'ombe bila mtu wa kuwakama. Tena neno lenyewe "bure" humtia mtu shaka. Mkulima hujiuliza, huyu anayetaka kuingia darini mwangu bila kulipwa anatafuta nini? Baadaye atadai shamba? Waliokwisha kudanganywa mara moja hawana kosa kushuku mara ya pili. Halafu iko haya. Kukubali msaada wa nyumba ni kumfungulia mgeni mlango aone unavyolala, na wengi wetu ni afadhali tutetemeke kuliko hayo.

Matokeo yake ni kwamba anayekuja wa kwanza ofisini ni yule anayejua kusoma tangazo, mwenye simu nzuri na mtoto aliyesoma. Anayehitaji zaidi huja siku ya mwisho, au haji. Kila mmoja wenu aliyepanga foleni ya mbolea ya bei nafuu amekwisha kuyaona haya kwa macho yake.

Wataalamu hao hao wa Michigan walisema jambo jingine, nami sitalificha kwa kuwa halinipendezi. Walipopima hesabu za gesi na umeme baada ya kazi, waliona ya kuwa pesa zilizookolewa zilikuwa kadiri ya nusu tu ya gharama ya kazi. Makadirio ya wahandisi yalikuwa yameahidi zaidi ya mara tatu ya kile kilichopatikana. Wengine wamelichukua neno hilo kuwa ni sababu ya kuufuta mpango wote. Mimi naona linatufundisha mambo mawili. La kwanza, hesabu ya karatasi isiaminiwe mpaka ipimwe shambani, kama vile mbegu mpya inavyojaribiwa katika kipande kidogo kwanza. La pili, walihesabu hasa pesa za moto, na kifua cha mtoto hakiandikwi katika hesabu ya gesi. Bado nasema kazi ile ni njema, lakini ifanywe kwa bei nafuu, na ianzie nyumba inayovuja zaidi.

Na sisi je? Serikali yetu haina mpango kama huo, wala siwaambii muungojee. Lakini vyama vya ushirika vya maziwa tunavyo, na desturi ya kukopeshwa chakula cha ng'ombe na kukatwa katika malipo ya maziwa tumeizoea. Kama mwanachama aweza kukopa magunia ya chakula kwa njia hiyo, sioni sababu ya kukosa kukopa mbao za dari na misumari. Na kama chama au kaunti siku moja itatenga fungu la kuwasaidia wasioweza kulipa, naomba wasianze na fomu. Waanze na miguu. Wazee wa kijiji na mafundi wawili wapite nyumba kwa nyumba siku ya upepo, waandike nyumba na si waombaji, na ile mbovu kabisa iwe ya kwanza katika orodha. Fungu la paa liwekwe tangu mwanzo, tusije tukamrudisha mlangoni mjane ambaye mabati yake yamepasuka. Tena wapite na mtu anayejulikana pale. Mlango ambao hautafunguliwa kwa karani utafunguliwa kwa mama wa kikundi cha kina mama.

Wakati huo, yako mambo ambayo mtu aweza kuyafanya mwenyewe. Chagua jioni yenye upepo. Chukua kijinga chenye moshi, usicho na ndimi za moto, ukipitishe polepole kando ya kuta, chini ya mlango, penye madirisha, na hasa pale mabati yanapokutana na ukuta. Moshi ukikimbia ghafula, hapo pana mwanya. Nyumba nyingi za mbao zilijengwa kwa mbao mbichi, na mbao mbichi zikikauka huachana hata kidole kikapita. Mianya hiyo pigilia vipande vyembamba vya mbao kwa ndani, au kandika kwa udongo ulioshikana vizuri. Nyumba ya udongo iliyokandikwa sawasawa huzuia upepo kuliko ya mbao mbichi, ingawa wengi huiona ya kizamani. Nyumba za babu zetu za mviringo, zilizoezekwa kwa nyasi nene, hazikujua baridi hii ya mabati. Kosa lake lilikuwa moshi.

Kisha tazama juu. Bati tupu ni kama kulala nje. Usiku wa mbingu nyeupe bati hupoa upesi kuliko kitu chochote cha nyumbani, na pumzi ya waliolala ikiligusa hugeuka maji, ndiyo yale matone yanayodondoka kitandani alfajiri. Dari hata la mbao nyembamba husaidia sana. Kama huwezi kuweka dari nyumba nzima, weka chumba kimoja, na chumba hicho kiwe cha wazee na watoto wadogo. Watu wengine hushona magunia wakayatandaza chini ya kenchi. Yanafaa, lakini yasiwe karibu na taa wala jiko, na usijaze juu yake nyasi kavu wala magazeti yasiyotiwa dawa, kwa kuwa utakuwa umewajengea panya nyumba na kuukaribisha moto.

Mwisho ni lile neno la hewa ya sumu. Kila msimu wa baridi katika nchi yetu wako watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke tena. Makaa yakiwaka hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, na mtu akiivuta hulegea, huumwa na kichwa, hushikwa na usingizi, kisha basi. Zile nyufa za zamani zilikuwa zikiitoa nje. Ukiziziba nyufa ukaendelea kuliweka jiko ndani, umefanya chumba cha kulala kuwa mtungi uliofunikwa. Kwa hiyo kabla ya kupigilia kipande cha kwanza, hamisha moto wote uende jikoni, penye tundu la kutolea moshi lisilozibwa kamwe. Chumba cha kulala nacho kiachie tundu dogo la hewa karibu na dari, upande usiopigwa na upepo, ukubwa wa kiganja cha mkono, lenye wavu wa kuzuia panya. Mtoto akiona baridi usiku, mwongezee blanketi, au mlaze kati ya wawili. Jiko la makaa lisiingie chumba hicho hata kama makaa yanaonekana yamekufa, kwa maana yale yanayofifia ndiyo hutoa sumu nyingi.